Dada Yangu Hakuficha Maradhi

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tangu dada yangu augue, methali hii naisikia kila Oktoba, mwezi wa kampeni za saratani ya matiti: redioni, kwenye vikao vya chama cha kina mama, na kwenye kipaza sauti cha gari la kampeni linalopita mitaa ya Likoni, Mombasa, limefungwa vitambaa vya waridi. Wanaoisema wana nia njema. Wanataka mwanamke ajipapase, akikuta kitu aende hospitali, asikae nacho moyoni kwa kuogopa mume au majirani. Nia hiyo naipenda. Lakini dada yangu hakuficha kitu, na kila nikiisikia methali hiyo naona lawama imebebeshwa mtu asiyestahili.

Alikigusa kivimbe usiku, akijifunga kanga baada ya kuoga. Kesho yake asubuhi, tarehe 9 Machi 2022, alikuwa kwenye benchi la dispensari kabla dirisha la kadi halijafunguliwa. Alipotoka alipitia kwangu, akanishika kidole, akakiweka penyewe. Kilikuwa kigumu, kidogo kama kokwa ya ubuyu. "Hakiumi," akaniambia. Kutouma huko ndiko kulikomtuliza, na ndiko kulikomtuliza aliyempima pia. Alipewa antibayotiki, akaambiwa huenda ni maziwa yameganda. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na miaka tisa.

Dawa ya kwanza ya saratani iliingia mwilini mwake tarehe 3 Novemba mwaka uleule. Nimezihesabu siku hizo mara nyingi kwenye kalenda ya duka la vipuri iliyokuwa ukutani kwake, karibu na cherehani. Ni siku 239. Kokwa ya ubuyu ilikuwa imekuwa ndimu, na kwapani kulikuwa na nyingine mbili zilizogandana.

Nataka wanaopanga bajeti wajue siku zile zilikwenda wapi. Hazikwenda kwenye woga, wala kwa mganga, ingawa halati wetu alijaribu kumpeleka na dada akakataa. Wiki za mwanzo ziliishia kwenye vidonge na "rudi tuone". Kisha akaambiwa asubiri hedhi ipite. Barua ya rufaa aliipata Juni, akapanga foleni ya skani, halafu foleni ya biopsi, yaani ile sindano nene ya kuchota kinyama kwenye uvimbe. Biopsi ilifanyika tarehe 5 Julai. Jibu lilitoka tarehe 9 Agosti: saratani. Hapo tukadhani matibabu yanaanza, kumbe lilihitajika jibu la pili, la kujua ni saratani ya aina gani: je, inalishwa na homoni, je, ina ile protini iitwayo HER2? Bila jibu hilo daktari hajui ampe dawa ipi. Kinyama kikapelekwa Nairobi. Wiki sita zikapita. Ndipo ikaja foleni ya kipimo cha kuangalia kama ugonjwa umefika kwenye mapafu na ini, ndipo ikaja Novemba.

Kuna siku moja katika hizo ambayo siwezi kuipita haraka. Dada alipochomwa ile sindano, mimi ndiye niliyekuwa nikimngoja nje. Muuguzi akatoka na kichupa cha plastiki chenye kifuniko chekundu, akanikabidhi. Ndani, kwenye maji ya fomalini, vilikuwa vikielea vijinyuzi vitatu vyeupe, kama tambi zilizochemshwa. Jina la dada liliandikwa kwa kalamu juu ya plasta. "Peleka maabara mjini, mtalipa hukohuko," akasema, kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulisema neno hilo mara nyingi. Nikakiviringisha kwenye leso, nikakitia mkobani.

Nikiwa bado pale mlangoni akafika kijana wa pikipiki. Akafungua sanduku la baridi, akapokea chupa za damu za watu wanaopimwa wingi wa virusi vya Ukimwi, akazihesabu, akatia saini daftarini, akaondoka. Sikuona cha ajabu wakati ule. Nilikwenda zangu kwenye feri, nikasimama mbali na injini kwa sababu sikujua kama joto linaweza kuharibu kile nilichobeba, nikaushika mkoba kwa mikono miwili hadi ng'ambo. Ni baadaye sana, usiku mmoja nikikumbuka, nilipoelewa nilichokiona. Damu zile zilikuwa na daftari, zilikuwa na pikipiki, zilikuwa na sanduku la baridi, na zilikuwa na mtu wa kuulizwa zikichelewa. Kipande cha ziwa la dada yangu kilikuwa na mimi.

Simuonei kijana yule wivu, wala sitaki apunguziwe kazi. Alikuwa pale kwa sababu kuna siku nchi iliamua. Novemba 1999 Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, likaundwa baraza la kuusimamia, fedha zikapewa jina na njia ya kupita, na miaka ikapita watu wakifuatilia mpaka sampuli ya dispensari ya kijijini ikapata pikipiki. Sehemu kubwa ya fedha hizo zilitoka nje, na Marekani ilipokata misaada mwanzoni mwa 2025 tuliona jinsi nyumba inavyotikisika ikisimama kwenye nguzo ya jirani. Kwa hiyo nikisema fedha za saratani ya matiti, nasema fedha zetu wenyewe, zilizoandikwa kwenye bajeti yetu wenyewe.

Na si kwamba hatujawahi kushtuka. Mwaka 2012 Bi Beth Mugo, aliyekuwa waziri wa afya ya umma, alijitokeza hadharani kusema ana saratani ya matiti, akatibiwa Marekani. Mwenzake wa huduma za matibabu, Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa amekwisha kutibiwa saratani ya tezi dume hukohuko. Mawaziri wawili wa afya wa nchi moja. Mwaka huohuo tukapata Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani, iliyozaa Taasisi ya Kitaifa ya Saratani. Kisha Julai 2019 katika mwezi mmoja tukawapoteza Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, mbunge Ken Okoth na gavana Joyce Laboso, wote kwa saratani. Watu walipiga kelele itangazwe kuwa janga la kitaifa. Nilikuwa mmoja wao, kabla sijajua kama ugonjwa huo utaingia nyumbani kwetu. Miongozo imeandikwa, mikakati imeandikwa, na mingi imeandikwa vizuri na watu wanaojua kazi yao. Kilichokosekana ni kile kilichompa yule kijana pikipiki.

Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wake wa saratani ya matiti mwaka 2021, na ndani yake kuna kipimo kimoja ambacho natamani kila mwakilishi wadi wa Kenya akijue kwa moyo: siku 60. Tangu mwanamke aonyeshe kivimbe kwa mhudumu wa afya mpaka ajue kwa hakika ni nini, zisizidi siku 60, na matibabu yaanze kabla ya miezi mitatu kutimia. Vipimo vingine viwili vinakwenda pamoja na hicho: angalau wagonjwa 60 kati ya kila 100 wagunduliwe ugonjwa ukiwa hatua ya 1 au ya 2, na angalau 80 kati ya kila 100 wamalize matibabu yao. Nchi ikivishika vyote vitatu, vifo vinaweza kupungua kwa asilimia 2.5 kila mwaka.

Kwa nini siku? Shirika hilohilo lina hesabu nyingine iliyoninyima usingizi. Katika nchi tajiri kabisa, mwanamke 1 kati ya 12 atagunduliwa kuwa na saratani ya matiti maishani mwake, na 1 kati ya 71 atakufa kwayo. Katika nchi zilizo chini kabisa kimaendeleo, anayegunduliwa ni 1 kati ya 27 tu, lakini anayekufa ni 1 kati ya 48. Yaani ugonjwa wenyewe huku kwa maskini ni haba zaidi, ila unaua zaidi. Kinachoua hapo katikati ni kuchelewa na kukosa tiba. Nilipoisoma hesabu hiyo nilikwenda jikoni nikakaa.

Tumezoea kudhani jawabu ni mashine. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali, hospitali mbili kwa kila kaunti, kwa mabilioni ya shilingi, na mashine za mamogramu, yaani za kupiga picha ya ndani ya titi, zilikuwa miongoni mwake. Seneti ilipochunguza miaka michache baadaye, ilikuta baadhi ya vifaa vimekaa bila kutumika: hapa chumba hakijajengwa, hapa umeme hautoshi, hapa hakuna mtaalamu wa kuvitumia. Siikatai mamogramu, na mwanamke aliyefika miaka 40 na anaweza kuipata aende. Lakini dada yangu hakuhitaji mashine ya kumwambia ana kivimbe. Alikwisha kukigusa, na mimi nilikigusa. Alihitaji sindano ndani ya wiki, na mtu wa kusoma ile tambi nyeupe kwenye hadubini. Wanawake wengi wa Afrika hupatwa wakiwa hawajafika miaka 50, na wengi hukigundua kivimbe wenyewe wakioga. Kwao foleni ya biopsi ndiyo mlango, na mlango huo haukatiwi utepe wala haupigwi picha na waheshimiwa.

Nao ndio mlango unaomaliza akiba. Tazama bima. SHA, bima mpya ya afya ya taifa, ilipoanza Oktoba 2024, kiwango cha saratani kilikuwa shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na nyongeza ya 150,000 kutoka kwenye mfuko wa magonjwa sugu. Wagonjwa wakalalamika, na Oktoba 2025 Rais akatangaza kuwa jumla hiyo ya 550,000 itapanda hadi 800,000. Wagonjwa hao hawakukaa kimya nyumbani, na kelele zao zilizaa kitu. Mwaka huohuo yakaja makubaliano na kampuni ya Roche kuhusu dawa iitwayo Herceptin. Dozi moja ilikuwa ikifika shilingi 120,000, na mgonjwa huhitaji dozi 18, zaidi ya milioni mbili. Sasa SHA ilipe 40,000 kwa dozi, kampuni ibebe kilichobaki, mgonjwa asilipe. Nilifurahi kwa dhati, kwa sababu nawajua waliokufa dawa hiyo ikiwa kwenye jokofu la famasia.

Lakini Herceptin ni ya wale wenye HER2 peke yao, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano au pungufu. Na anayekujulisha kuwa wewe ni mmoja wao ni kile kipimo cha pili, kile kilichotuchukulia wiki sita. Dada yangu kadi yake ya NHIF, bima iliyotangulia SHA, ilikuwa imelala, maana fundi wa madera halipwi mshahara wa mwezi. Kipimo kile tulikilipia kwa kuuza mashine yake ya ovaloki. Ndugu wakachanga kwenye simu, mia mbili, mia tano, na jirani mmoja akatuma shilingi 50 na kuomba radhi kuwa ni kidogo. Dawa aliyohitaji mwishowe, baada ya kemo na upasuaji na mionzi, ilikuwa tamoksifeni, ya saratani inayolishwa na homoni, kidonge kimoja kwa siku, dawa ya bei nafuu kabisa. Fedha nyingi tulizimaliza tukitafuta kujua ni ipi.

Wanawake wa Marekani walilijua hili la kutafuta fedha zilipo kabla yetu. Mwaka 1991 waliunda National Breast Cancer Coalition, muungano wa taifa wa saratani ya matiti, wakapeleka barua kwa mamia ya maelfu serikalini. Walipoambiwa fungu la utafiti wa afya limekwisha, kampeni yao iliishia kwenye bajeti ya jeshi: kwa mwaka wa fedha wa 1993 zilitengwa dola milioni 210 za utafiti wa saratani ya matiti chini ya Wizara ya Ulinzi. Hatuna dola hizo. Ila tabia ile ya kusoma bajeti ukurasa kwa ukurasa, na kutoogopa kuuliza fungu hili lina nini, haigharimu chochote, na nimeichukua kutoka kwao.

Hapa kwetu mlango wa kuulizia upo kisheria. Kila mwaka kabla ya tarehe 28 Februari, serikali ya kaunti hupeleka bungeni kwake waraka wa mikakati ya fedha, na makadirio ya bajeti hufuata kabla ya tarehe 30 Aprili. Katikati hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Nilikwenda. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni moja inayozunguka. Watu waliomba barabara, taa za mtaani, basari, na mahitaji yao yote yalikuwa ya kweli. Zamu yangu ilipofika mwenyekiti akaniambia, "Mama, una dakika mbili."

Nikasoma nilichoandika. Kwamba sampuli za biopsi zipande pikipiki zilezile zinazobeba damu, kwa sababu njia ni moja na dispensari ni moja. Kwamba kaunti iwe na mkataba na maabara na mtaalamu wa patholojia wenye muda wa kutoa jibu ulioandikwa, na akichelewa aeleze. Kwamba wahamasishaji wa afya ya jamii, wale 100,000 waliozinduliwa nchini Septemba 2023 na mikoba yao, wafundishwe kupapasa kivimbe na kujua kwamba kisichouma ndicho cha kuharakisha. Na kwamba kila miezi mitatu bunge la kaunti liletewe namba moja: wastani wa siku tangu mgonjwa aseme mpaka atibiwe.

Afisa mmoja akanijibu kwa heshima, "Mama, hilo la saratani ni la serikali kuu." Nilikuwa nimelitarajia. Nikamwambia Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti hospitali zao na dispensari zao, na serikali kuu imebaki na sera na hospitali za rufaa za kitaifa. "Dada yangu alianzia dispensari. Miezi mitatu ya kwanza aliipotezea kwa nani?" Kengele ya dakika ikagongwa. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yangu, aliyekuja kuombea barabara ya kwao, akasema, "Mpeni na dakika zangu." Sijui jina lake. Nilizitumia zote.

Ninajua lile jibu la "si letu" utalipata na upande wa pili, kwa sababu Nairobi nao husema huduma zimegatuliwa tangu 2013. Mgonjwa wa matiti anaishi kwenye mpaka wa hao wawili, na wala hajui kuwa kuna mpaka. Ndiyo maana nataka namba iwe moja na ihesabiwe kuanzia mlango wa dispensari hadi kitanda cha kemo, isikatwe katikati kila upande ukachukua kipande kinachoupendeza. Serikali kuu iiweke siku 60 kwenye sera kama wajibu wenye fungu lake la bajeti, fungu lenye jina la saratani ya matiti, lisifichwe ndani ya neno "magonjwa yasiyoambukiza" ambamo fedha zikiyeyuka huwezi kuuliza zilikwenda wapi. Kaunti ziripoti. Zinazochelewa zisaidiwe kwanza.

Mwaka ule waraka ulipita bila neno langu hata moja. Mwaka uliofuata nilirudi na daftari.

Ni daftari la shule, kurasa 96. Dada ndiye aliyetoa wazo. Mkono wake wa kushoto huvimba tangu walipomtoa zile tezi za kwapani, kwa hiyo hawezi tena kukata kitambaa siku nzima. Hukata asubuhi, mchana hukaa kibarazani na wanawake waliopitia njia yake. Tuliwauliza kila mmoja tarehe mbili tu: siku uliyomwonyesha mhudumu wa afya kivimbe chako kwa mara ya kwanza, na siku ulipoanza matibabu. Wengine walikumbuka kwa mwezi mtukufu, wengine kwa harusi ya mtoto, mmoja kwa siku ya uchaguzi. Tukazitafuta tarehe kwenye kadi zao na risiti, wengine wakizitoa kwenye bahasha ya khaki iliyochakaa pembe. Ni wanawake 11 wa mtaa wetu, si utafiti, na sisemi ni picha ya nchi. Lakini aliyewahi kuliko wote alisubiri siku 74. Wawili walipita mwaka. Watatu kati yao hawapo tena, tarehe zao tulipewa na mabinti zao.

Hakuna hata mmoja kati ya hao 11 aliyeficha. Niliuliza swali hilo kila kiti, kwa sababu methali ile ilikuwa bado inanisumbua. Wote walikwenda, na wengi walikwenda mara tatu, mara nne, wakirudishwa. Siku niliyofungua daftari lile ukumbini, mwakilishi wadi wetu aliomba alishike mwenyewe. Alifunua taratibu, akafika ukurasa wa mke wa binamu yake, akasimama hapo kwa muda. Mapendekezo ya kikao yalipochapishwa, sentensi ya kusafirisha sampuli za biopsi ilikuwemo. Bado haijapewa shilingi, na makadirio ya Aprili ndiyo yatakayosema kama ni sentensi tu.

Wiki iliyopita msichana wa mtaa wa nyuma, ana miaka 34, alikuja kibarazani akiwa ameshika ubavu wa khanga yake. Dada akampapasa, akanitazama, akasema nilete daftari. Nimeandika mstari wa 12. Tarehe ya kwanza ipo: alikwenda dispensari kesho yake, na mimi nilikwenda naye, tukakataa kuondoka bila barua ya rufaa. Nafasi ya tarehe ya pili iko wazi. Leo ni siku ya 6.